Hapa Hakuna Mradi

Haya wajukuu, nawatega. Chumba cheusi, hakina mlango wala taa. Wawili wameketi ndani, na kila mmoja yuko kwake. Ni nini?

Mmeshindwa? Nipeni mji nifumbue. Ni lile dirisha jeusi la kompyuta ambamo mafundi wa tovuti huandika amri. Wao hawajengi kuanzia msingi. Wana kiunzi kilichokwisha kuchongwa: ukikiandikia "jenga", kinajenga ukurasa, ukikiandikia "washa", tovuti inawaka. Na watu wawili wanaweza kufungua dirisha hilo hilo kutoka miji miwili, huyu akaona herufi za yule zikijiandika zenyewe.

Basi asubuhi hiyo Bi Hakiki alikuwa mbele ya dirisha hilo, simu sikioni, roho iko mbali. Jina hilo walimbandika kazini, maana habonyezi kitu asichokikagua. Nyuma yake mama yake mdogo, fundi cherehani, alikuwa akipinda suruali, pini mdomoni.

"Imekataa tena," Bi Hakiki alisema.

"Inasemaje?" Sauti ilikuwa ya Chapuchapu, fundi mwenzake, aliyehamia mji mwingine kutafuta riziki.

"Inasema, 'Hapa hakuna mradi.'"

"Umesimama nje ya folda ya mradi, Bi Hakiki. Unaagiza chai ukiwa barabarani, jikoni watakusikia vipi?"

"Basi niingize."

Herufi zikaanza kujipanga: ingia viti. Tovuti yenyewe ilikuwa ya kiwanda cha viti. Bi Hakiki alizitazama moja moja. Hapa amekosea. Hapa amefuta. Hapa amejikuna kichwa. Alimjua hivyo.

"Haya, umo ndani. Lakini hii sasa ni kila siku. Umepatwa na nini?"

"Uzee."

"Uzee gani, na meno yote unayo?"

Chapuchapu alicheka. Kisha sauti yake ikashuka.

"Sikiliza. Leo ndiyo mwisho. Mchana natia saini mkataba mpya huku, wa miaka mitatu. Hawataki mtu mwenye kazi za pembeni. Nikitoka humu, nafuta ufunguo wangu wa kuingilia dirisha hili."

"Hongera," alisema Bi Hakiki. Neno lilitoka kavu kama mkate wa juzi.

"Ahsante."

Hawa walipendana, wajukuu, msije mkadhani ni viti tu. Siku anaondoka, begi begani, Chapuchapu alimuuliza mlangoni, "Nikipata njia ya kurudi, unataka nirudi?" Naye akajibu, "Angalia lenye manufaa kwako." Hilo ni jibu la kumpa mpangaji, si la kumpa mpenzi. Swali likabaki linaning'inia, na hakuna aliyeligusa tena. Wakawa wanazungumza folda.

"Kabla hujatoka," Bi Hakiki alisema, "nionyeshe tena ile amri ya kuhamisha data."

"Hiyo ulinifundisha wewe. Nilikuwa naruka maswali inayouliza kabla ya kuhamisha, ukanichapa kwa rula."

"Nimesahau."

Mama mdogo akatema pini kiganjani. "Hebu weka sauti kubwa."

"Mama, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Weka."

Akaweka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mambo yenu siyajui, mimi ni wa sindano. Ila nielimishe. Asubuhi nimeamka, huyu alikuwa ameviwasha viti vyote, vinazunguka kwenye kioo vizuri kabisa. Nikamsifu. Akavizima, akaandika neno, ndipo akakupigia kwamba imekataa. Ni kukataa kwa namna gani huko?"

"Aliandika neno gani, mama?"

"Aliandika 'toka'. Nikadhani nafukuzwa."

Bi Hakiki akafunika uso kwa mikono. Mama mdogo akaikusanya suruali yake.

"Naenda kupiga pasi," alisema. "Humu mna joto."



"Kila siku unatoka nje makusudi?" Chapuchapu aliuliza.

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Ukija kuniingiza unakaa kidogo. Tovuti ikiwa nzima, utakuja kufuata nini?"

Yule kijana ambaye hata kompyuta ikiwaka taratibu huigombeza, safari hii akauliza polepole.

"Na siku ile mlangoni, mbona hukunijibu?"

"Niliogopa. Urudi kwa neno langu, kazi ikosekane, halafu kila tukipungukiwa unitazame kwa jicho lile."

"Jicho lipi? Niko mbali, hata hilo la kukutazamia silipati."

"Usinichekeshe."

"Sichekeshi. Huku naamka, hata uso sijanawa, nafungua dirisha nione kama umeingia. Ukichelewa, siku yangu inaenda upande." Akavuta pumzi. "Mkataba uko hapa mezani. Swali langu ni lile lile."

Bi Hakiki akageukia kibodi. Vidole ndivyo vilivyozoea kusema. Akaandika katika kile chumba cheusi, taratibu, mbele ya macho ya wote wawili: nataka urudi. Akakagua. Akabonyeza.

Kiunzi hakikuchelewa: Amri "nataka" haipo.

Chapuchapu akacheka puani, kicheko chenye machozi ndani yake.

"Mashine imekataa, Bi Hakiki. Na mara hii kweli. Sema kwa mdomo wako."

Akaishika simu kwa mikono miwili. Chumba cha pili, pasi ilikuwa imesimama, mtu anasikiliza. Na asikilize.

"Nataka urudi," alisema. "Viti vina wenyewe. Rudi kwangu."