Kidole cha Bibi Salvina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zita alimwosha Bibi Salvina miguu kwa maji ya uvuguvugu, akaikausha na kuchungulia katikati ya vidole. Bibi alikuwa na kisukari. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imebana, damu haikufika vizuri, na hata akijikwaa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, hakusikia maumivu.

Asubuhi moja Zita aliona kidonda kidogo kwenye kidole cha mwisho. Alijua Mama akisikia, Bibi atapelekwa zahanati, na atakayemsindikiza ni yeye, siku ileile ya mechi ya netiboli kule Kwa Sadala.

"Ikoje, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza.

"Iko salama, Bibi."

"Mungu akubariki."

Baraka ile ilimchoma. Timu yao ilishinda, lakini Zita hakuweza kushangilia. Siku zilizofuata alirudia uongo uleule, huku kidole kikigeuka cheusi, mpaka Mama alipokiona mwenyewe.

Hospitalini Moshi mjini, daktari alimpima Bibi shinikizo la damu mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, akalinganisha.

"Damu inayofika chini ni kidogo sana," alisema. "Kidonda kilianza lini?"

"Tumekiona jana," Mama akajibu.

Daktari akakunja uso. "Kama kimekuwa hivi kwa usiku mmoja, ugonjwa unakimbia. Huenda tukalazimika kuukata mguu ili tuokoe maisha yake."

Zita akasogea mbele ya daktari.

"Daktari, si jana! Nilikiona wiki nzima iliyopita, kabla ya mechi. Kilikuwa kidogo, kikawa cheusi polepole. Nilimdanganya Bibi." Akaangua kilio.

Daktari akauchunguza mguu upya.

"Kama kimekwenda polepole hivyo, mambo ni tofauti," alisema. "Tutajaribu kwanza kuzibua mshipa. Kidole sidhani kama kitapona, ila mguu una nafasi nzuri."

Ikawa kama alivyosema. Bibi alikatwa kidole, mguu ukabaki. Zita alikaa kando ya kitanda chake akiangalia sakafu.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini kidole hakirudi, na sitakuambia kwamba si kitu," Bibi alisema. "Daktari hawezi kujua ugonjwa unaelekea wapi kama tunamficha ulikotoka. Umesema kweli ukiwa unalia, na mguu wangu huu hapa. Siku nyingine ukiogopa, sema mapema."