Doa Linalokula Sukari

Chai ndiyo iliyoanza kukataa utamu. Edinah alitia vijiko vinne, kisha sita, kisha nane, na bado mumewe Kipkosgei alisukuma kikombe. "Kwani umesahau sukari?" Akaonja mwenyewe. Ajabu! Ladha ni ya maji moto na maziwa tu. Kijiji kizima cha Boito, mwaka huo wa tisini na sita, hakuna nyumba iliyomaliza sukari kama hiyo, na mwenye kuila hakuonekana.

Kipkosgei alikuwa ametoka Ujerumani, alikokwenda kusoma, akaugua. Huko madaktari walimdunga sukari yenye mionzi, wakamlaza ndani ya mashine ya duara, wakampiga picha. "Saratani ni mlafi," walimweleza. "Sukari ikiingia mwilini, inaikimbilia, na mashine inaiona ikila." Pichani mwili wake ulififia kama moshi, na chini ya mbavu kulikuwa na doa jeusi. Wakampasua, wakasema imeisha, wakampa picha arudi nayo nyumbani.

Imeisha wapi! Alasiri moja, mvua ya mawe ikipiga mabati, Edinah, mja mzito wa miezi minane, aliitoa picha kwenye bahasha. Doa lilikuwa limepanda hadi kooni.

"Kipkosgei," alinong'ona, "hii kitu si ilikuwa huku chini?"

"Irudishe. Inasikia."

Tangu hapo nyumba ikanuka sukari iliyoungua, na kila mvua ilipotulia kulisikika ulimi ukilamba sufuria jikoni ambako hapakuwa na mtu, ukilamba polepole, ukihamia kabatini, ukihamia chumbani, hadi ukafika kitandani alipolala Kipkosgei, ambaye kila siku alikonda zaidi na kila siku alimwomba Mungu amwache tu amwone mtoto.

Mtoto akazaliwa, msichana. Sasa, kwa Wakipsigis bibi huita majina ya waliokufa, moja moja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, roho ya mwenye jina hilo imekubali kukaa ndani yake. Kanisa linakataza, lakini nani atamkataza Chepkemboi, mama yake Kipkosgei? Aliketi na wanawake majirani, mtoto mapajani.

"Tapkigen, ni wewe? Taprandich, ni wewe?"

Mtoto hakupiga chafya. Akaita hadi sauti ikakauka, na subira ikamwisha.

"Kwani nyinyi wote mmekataa? Haya, wewe unayekaa nyumba hii, yeyote yule, njoo!"

"Kogo, hapana!" Edinah alimlilia bibi huyo, mkwewe.

Mtoto akapiga chafya. Wanawake wakapiga vigelegele. Chumba cha pili Kipkosgei alipaza sauti, sauti nzima, ya mtu mwenye afya: "Mama! Imetoka! Uchungu umeisha!"

Chepkemboi akacheka kwa furaha, akamkabidhi Edinah mtoto anyonye. Kichanga kikashika titi, kikavuta, kikavuta bila kupumua. Edinah akahisi baridi ikimpanda mikononi. Akajaribu kumtoa, akashindwa; kinywa cha mtoto kilinuka sukari iliyoungua.