Ubao wa Akida

Haya yalimkuta shoga yangu Mwahija wa Segese. Mwanawe Akida, aliyehamia pwani, ndiye wa kwanza kwetu kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mpaka bahari ikamficha. Ubao ukarudishwa Segese, mwenyewe hakuonekana. Mwahija akakataa matanga: “Siziki ubao mimi.”

Mkwewe Makoye, mchimba dhahabu asiye na haya, akaufanya wa kuoshea mchanga. Jioni moja Mwahija akaufuata stoo. Ndani giza totoro, maji yanapiga chwaa, yanarudi chwaa.

“Makoye, unachezea maji na kisima kimekauka?”

“Mama, mbona mimi niko huku nje!”

Maji yakanyamaza. Mwahija akaupapasa ubao. Ulikuwa umelowa, wa baridi kama jiwe, isipokuwa mahali pawili, sawasawa na nyayo za mtu. Hapo palikuwa pakavu, na bado pana joto.