Gari Liliwaka Alfajiri Ile

Haya yalimkuta shoga yangu. Gari lao lilikuwa kigeugeu: kukiwa na joto linawaka, kukiwa na baridi linalia kwi, kwi, kwi, basi. Alfajiri moja ya baridi kali mtoto akabanwa kifua, mume yuko zamu kazini, gereji giza totoro. Akazungusha ufunguo, gari likawaka papo hapo. Mtoto akawahi hospitali, akapumua. Shoga akampigia fundi simu.

“Fundi, umelitengeneza gari, ubarikiwe!”

“Gari gani, shemeji? Mumeo aliniletea betri jana jioni, hii hapa naichaji. Au ulilisukuma na hako kamwili?”

Akatoka, akafungua boneti. Nyaya za betri zilining'inia patupu, na injini ilikuwa ya moto, ikilia tik, tik, ikipoa.