Kalibu za Kiwanda cha Risasi

Kasha lilikuwa tupu. Kalibu kumi na moja za kutengenezea maganda ya risasi zilikuwa zimetoweka. Ilisalia moja tu, mezani, ilipopimwa jana. Inspekta Abdulsamad alivua kofia, kama mtu aliyefika msibani kabla ya wafiwa.

Alikuwa ametumwa Guangzhou, Machi 1998, kulinda mitambo ya kufufua kiwanda cha risasi cha nyumbani, kilichofungwa miaka tisa. Meli ingepakia saa sita mchana. Bila kalibu, mitambo yote ilikuwa vyuma vya kuanikia nguo.

"Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu," alijibu Rozina, mtunza ghala.

"Na ukienda kula?"

"Nautundika msumarini."

"Kwa hiyo mko wawili, wewe na msumari. Msumari siwezi kuutia pingu, dada. Saa sita utarudishwa nyumbani chini ya ulinzi."

Rozina alikaza kilemba.

Inspekta alikagua ghala. Marobota ya jeans kutoka viwanda vya Xintang hayakuguswa, ingawa yangeuzika soko la Shahe kabla ya chai kupoa. Ila kopo la grisi halikuwapo rafuni; ilibaki alama yake ya duara tu.

Mwizi aliyeacha jeans akachukua grisi hakuwa na haja ya soko. Alikuwa anaogopa kutu.

Akaagiza chai. Mzee Didas, fundi wa msafara aliyetumikia kiwanda kile cha zamani miaka ishirini, aliketi nao. Mkono wa Inspekta "ukateleza". Chai ikaimwagikia ile kalibu.

"Rozina, jana ulifunga saa ngapi?"

"Inspekta, hicho chuma," alisema Didas.

"Kitakauka chenyewe, mzee. Saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ulikuwa na nani?"

Didas hakustahimili. Aliifuta kalibu kwa shati lake, akatia mkono katika ovaroli, akatoa kopo, akachovya vidole viwili. Alikuwa anapaka upande wa pili alipogundua kwamba mazungumzo yamekoma.

"Grisi nzuri," alisema Inspekta. "Nyingine ziko wapi?"

Didas alilitazama lile kopo.

"Chini ya kitanda changu. Zote nimezipaka."

"Kwa nini?"

"Kiwanda kinafufuliwa, kazi wamepewa vijana wenye diploma. Mashine bila kalibu, wangenibishia hodi. Ningewachongea kalibu mpya kwa mkono. Hakuna mwingine anayejua."

"Na huyu dada aliyekuwa anakwenda jela?"

Mzee alilifunika kopo.

"Wakubwa walitaka kukuacha nyumbani," alisema Rozina polepole. "Jina lako katika orodha ya safari hii nililiandika mimi."

Didas alijifuta grisi, kidole kwa kidole, kisha akamnyooshea Inspekta mikono.