Gitobu Wawili, Faili Moja

Kilichotangulia ni harufu ya ngozi mbichi, saa nane mchana, kwenye chumba cha kupanga pale Nchiru ambacho hakikuwa kimepikiwa nyama mwezi mzima.

Nelius hakuijali. Alikuwa anasomea kompyuta, na ubishi wake ulijulikana. Shangazi alikuwa amemtumia faili moja iliyofungashiwa sauti nyingi za ukoo, akamwonya: "Ya babu usiifungue. Siku ile tulimrekodi, si yeye alikuwa anaongea." Jini lilikuwa limempanda babu Gitobu, akamkatakata mkewe, Nelius, kwa panga. Majina yao ndiyo waliyopewa wajukuu, Nelius na kaka yake, kama kawaida ya Wameru.

Msichana akaandika programu ya mistari mitano ya kufungua sauti zote na kuziweka kwenye folda ya familia. Zote, jamani! Hata orodha hakuisoma.

Sasa, kwenye folda hiyo kulikuwa na wimbo wa kaka yake mkubwa, umehifadhiwa kwa jina la Gitobu. Kompyuta haiulizi Gitobu yupi. Ilifuta wimbo wa mjukuu, ikaweka sauti ya babu mahali pake.

Kaka yake, aliyekuwa amelala kitandani akipiga stori, alinyamaza katikati ya neno.

"Gitobu?"

Kaka yake akaguna kizee, akainuka, akagonga paji la uso ukutani mara tatu mpaka damu ikarukia pazia, akachukua kisu cha kukatia sukuma wiki, akamkamata Nelius nywele na kumburuta sakafuni huku akimnong'onezea sikioni, "Mke wangu, leo nakumaliza," na kisu kikapasua kiganja alichokinga nacho shingo.

Nelius alimpiga teke la goti, akaifikia kompyuta. Kwa mkono uliokuwa ukivuja damu akaunda faili mpya, akafungasha humo sauti yenye jina la Gitobu, akafuta iliyobaki kwenye folda.

Kaka yake alianguka chali. Macho wazi, pumzi hakuna.

Sauti iliyofungashwa inaweza kusikilizwa bila faili kufunguliwa. Nelius aliicheza hivyo, akaweka sikio kwenye spika.

"Nelius, nitoe," kaka yake alilia humo ndani. "Ananikata." Nyuma yake panga lilikuwa likishuka, likishuka.

Nelius alifunga mlango kwa ufunguo, akautupa nje kupitia dirisha lenye vyuma, ili litakalotoka lisimfikie mtu mwingine. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akaamuru faili ifunguke.