Nani Anampelekea Bosi Maneno Yangu?

“Halafu hayo mawazo ya kwenda Caacupé kufungua duka na dada yako, uyatoe kichwani, binti yangu. Utauza nini huko? Mikate ya chipa?”

Nimia alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Aligeuka taratibu.

“Umesemaje, Don Eulalio?”

“Nimesema kazi unayo, shukuru Mungu. Mshahara tutauangalia mwakani. Wewe ni mtu wa nyumbani bwana, huwezi kunidai kama wale wa nje.”

Bosi alivuta chai yake ya baridi, tereré, kwenye mrija mpaka ikakoroma, akarudi kwenye simu yake. Mazungumzo yameisha.

Nimia alitoka akasimama katikati ya magari, jua la Asunción likimchoma utosi. Hilo la mshahara halikumshangaza. Miaka sita anauza magari kwenye yadi ile, na kila akiomba nyongeza anaitwa mtu wa nyumbani. Vijana wawili aliowafundisha yeye kazi sasa wanalipwa kumzidi, na mmoja wao, mpwa wa bosi, ndiye mkuu wa mauzo. Mteja akija analetwa kwa Nimia. Mteja akikubali kununua, mpwa ndiye anayepeana naye mkono. Na bado asubuhi bosi anapaza sauti: “Nimia, mama, maji ya barafu!”

Hayo alishayazoea. Kilichomganda rohoni ni Caacupé.

Mbali na dada yake, habari ya Caacupé aliisema kwa watu wawili tu duniani: Rumilda, keshia wa yadi, shoga yake wa kufa na kuzikana. Na Derlis, mume wake.

“Mbona umepauka hivyo?” Rumilda alimwuliza alipoingia kwenye kibanda cha malipo. “Amekataa tena?”

“Amekataa.”

“Mzee yule ana roho ya jiwe! Sasa ile safari ya kwa dada yako—”

“Sauti, Rumilda.”

“Nani anatusikia? Tuko wawili humu.”

Nimia alimtazama usoni, akamtazama mikononi, kama mtu anayekagua gari lililogongwa likapakwa rangi upya. Rumilda akaacha kutafuna chingamu yake.

“Una nini wewe leo? Unaniangalia kama mwizi.”

“Kichwa kinauma tu.”

Jioni alimkuta Derlis uani, amepiga magoti mbele ya kiyoyozi cha mteja alichokifungua. Simu yake ilikuwa pembeni, imelala kifudifudi. Siku hizi ilikuwa hivyo kila siku. Ikiita, Derlis anatoka nje ya geti ndipo apokee. Na Jumamosi mchana anaoga, anajipulizia manukato, anapotea mpaka giza liingie. Nimia alikuwa amejiandaa kusikia kwamba kuna mwanamke. Hilo angejua pa kulishikia.

“Derlis, mambo ya Caacupé ulimwambia mtu?”

“Mambo gani?”

“Ya duka.”

“Nimwambie nani mimi? Nashinda na mafeni na viyoyozi.” Alicheka, lakini hakuinua macho. “Labda Rumilda. Yule mdomo wake hauna breki.”

Alilisema haraka mno, kama mtu aliyekuwa nalo tayari ulimini. Nimia akaenda jikoni kukoroga unga wa muhogo wa mikate ya mbejú, na mkono ukikoroga, akili nayo ikikoroga ya kwake.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana alimvuta Rumilda kando.

“Shoga, nikuambie siri. Kuna yadi moja ya Luque wananitaka.”

“Weee! Kweli?”

“Usimwambie hata paka.”

Jioni ile, wakila, akamgeukia mume wake.

“Mume wangu, nikuambie siri. Kuna yadi moja ya Encarnación wananitaka.”

Uma wa Derlis ukasimama hewani.

“Encarnación? Mbali kote huko?”

“Wanalipa vizuri.”

“Na mimi?”

“Bado nafikiria. Usimwambie mtu.”

Zote mbili zilikuwa uongo mtupu. Hakuna aliyemtaka, si Luque wala Encarnación. Usiku huo alilala ameukabili ukuta, akiomba kimoyomoyo kesho asikie neno Luque. Shoga anaumiza, lakini mtu anaweza kutafuta shoga mwingine.

Siku ikapita, na ya pili. Siku ya tatu Don Eulalio akamwita ofisini, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

“Kaa, binti yangu. Kahawa?”

Miaka sita, hajawahi kukaribishwa kahawa.

“Nimefikiria ile nyongeza. Kidogo kidogo tunaweza kufanya kitu. Maana mji kama Encarnación, huna ndugu huko, huna rafiki…”

Nimia hakusikia lililofuata. Alimwona bosi akichezesha midomo, na nyuma ya kichwa chake, ukutani, picha ya ubatizo: Don Eulalio kijana, amembeba mtoto mchanga mwenye kofia ya vitambaa. Mtoto yule alikuwa Derlis. Mzee huyu ndiye baba yake wa ubatizo, aliyemsomesha Derlis baada ya mama yake kwenda Hispania kulea wazee wa watu.

“Jumamosi,” Nimia alisema polepole. “Jumamosi anakuja kwako.”

“Nani?”

“Asante kwa kahawa, Don.”

Alipita kwenye kibanda cha malipo kuchukua mkoba wake. Alimkumbatia Rumilda hadi yule akashtuka.

“Nisamehe.”

“Nikusamehe nini?”

“Nilikushuku wewe.”

Rumilda alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu.”

Derlis alikuwa uani, anapuliza vumbi kwenye nyavu za kiyoyozi. Alipomwona mke wake amerudi saa sita mchana, aliizima mashine.

“Umefukuzwa?”

“Unamwambia nini Don Eulalio kila Jumamosi?”

“Namsalimia. Ni baba yangu yule.”

“Derlis, Encarnación hakuna yadi inayonitaka. Niliitunga. Nilimtungia mtu mmoja tu duniani, na leo bosi amenitajia.”

Derlis aliweka mashine pembeni. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

“Nilitaka akuongeze, ndiyo maana…”

“Usinidanganye nikikuangalia.”

“Nimia…”

“Ulimwambia nini mara ya kwanza? Mwanzo kabisa, miaka ile nilipoomba nyongeza kwa mara ya kwanza, nikaja hapa nikakulilia, ukanifuta machozi kwa mkono huo huo. Ulimwambia nini?”

Derlis alichora vumbi kwa kidole. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya mtoto.

“Nilimwambia asikupandishe.”

Nimia alivua mkoba begani, akauweka chini.

“Nilimwambia, ‘Baba, muache alipo. Akipata hela zake ataondoka.’ Mama yangu alipata za kwake akaondoka, Nimia. Alisema miezi michache. Nilikaa dirishani pale kwa bibi mpaka nikaota ndevu.”

“Mimi si mama yako.”

“Najua.”

“Hujui! Miaka sita nalala nikijiuliza nina kasoro gani. Nabadilisha nguo, nabadilisha sauti, nakesha nasoma habari za injini nikidhani sitoshi. Kumbe bei yangu mmeipanga ninyi wawili mkinywa tereré!”

“Nilikuwa naogopa kukupoteza.”

“Basi umenipoteza nikiwa ndani ya nyumba.”

Aliingia ndani, akatia nguo kwenye begi. Derlis alimfuata mpaka mlangoni, hakuthubutu kumgusa. Basi la Caacupé lilipoondoka Nimia alilia bila kujificha, na mama mmoja wa kiti cha jirani akampa kipande cha chipa bila kumwuliza kitu.

Alikuwa kwa dada yake siku chache tu, simu ikaita. Rumilda.

“Shoga, kaa chini! Mume wako yuko hapa yadini!”

“Anafanya nini?”

“Anamsomea mzee! Mbele ya wateja! Ngoja, sikiliza…”

Kwa mbali, sauti ya Derlis ilipasuka kwenye simu: “Mimi nilikosa kwa woga, Baba! Wewe ulikosa kwa uchoyo! Ulijua kazi yake ina thamani gani, ukanitumia mimi kama kisingizio! Usiniulize habari za mke wangu tena!”

“Mpwa amejificha nyuma ya gari,” Rumilda alinong’ona huku akicheka. “Halafu jingine. Ile yadi ya Luque uliyonidanganya, nilimwuliza shemeji yangu kama huko kuna yadi yoyote. Ipo! Na wanatafuta muuzaji kweli. Nimewapa namba yako.”

Jioni ukaingia ujumbe wa Derlis: “Sikuombi urudi. Nakuomba msamaha tu, si kitu kingine. Nenda Luque, nenda hata Hispania. Nitakuwepo.”

Nimia aliusoma mara nyingi. Hakuujibu.

Luque walimsikiliza, wakamtaka. Alipotaja mshahara anaoutaka, aliutaja bila kuinamisha macho. Mwenye yadi, mama mmoja mwenye nywele za mvi, alisema tu, “Haya. Unaanza lini?” Nimia akatoka nje kupumua, maana hakujua kama acheke au alie.

Mwisho wa mwezi wake wa kwanza alitoka kazini akaona gari dogo la mafundi wa viyoyozi limeegeshwa ng’ambo ya barabara. Derlis alikuwa ndani. Amekonda. Hakushuka, hakupiga honi.

Nimia alivuka, akainama dirishani.

“Umekuja kunichukua?”

“Hapana. Nimekuja kukuona ukitoka. Ukitaka niondoke, naondoka.”

“Mshahara wangu sitakuambia ni kiasi gani.”

“Sawa.”

“Na mtu akikuuliza ninachofikiria?”

“Nitamwambia akuulize mwenyewe.”

“Bado nina hasira, Derlis. Sijui zitaisha lini.”

“Hata zisiishe. Njoo nazo nyumbani.”

Nimia alitazama barabara, akatazama yadi yake mpya, akamtazama mwanaume yule aliyempenda tangu akiwa msichana. Alizunguka hadi mlango wa dereva akaufungua.

“Sogea kule,” alisema. “Leo naendesha mimi.”